Amplifaya ya hedifoni

Amplifaya ya hedifoni ni kifaa kinachoongeza nguvu ya umeme wa sauti kabla haujafika kwenye hedifoni. Hutumika katika studio za kurekodi. Si kila hedifoni ya studio inakihitaji.

Uhitaji hutegemea ukinzani wa hedifoni, unaopimwa kwa ohm, na kiasi cha sauti inachotoa kwa miliwati 1. Kwa mfano, Beyerdynamic DT 770 Pro hutengenezwa kwa ohm 32, 80 na 250. Tundu la kompyuta au simu likitoa volti 1, ile ya ohm 32 hupata takriban miliwati 31, na ya ohm 250 hupata miliwati 4 tu. Hata hivyo, ya ohm 250 hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1, hivyo miliwati 4 huifikisha desibeli 102. Sauti hiyo ni kubwa: Shirika la Afya Duniani linashauri kusikiliza desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki.

Kwa hiyo amplifaya ya pekee hufaa pale sauti inapobaki ndogo ingawa kifaa kimefunguliwa hadi mwisho. Haisafishi rekodi mbovu.