Jina Linalotafutwa: Bidhaa za Mwanza na Wanunuzi wa Mbali

Tangu enzi za misafara ya karne ya 19, biashara ya Mwanza imetegemea wanunuzi wanaoagiza mzigo wasiouona, na kwa hiyo swali la jina ambalo bidhaa itatafutwa kwalo limeutangulia ujio wa intaneti kwa muda mrefu. Ziwa lenyewe linathibitisha jambo hilo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Kaze, karibu na Tabora ya leo, walilitaja kwa jina la kisiwa cha Ukerewe, ilhali Wasukuma waliliita Nyanza, Waganda Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe. John Hanning Speke, aliyeongozwa na maelezo ya wafanyabiashara hao hadi eneo la Mwanza mwezi Agosti 1858, alilipa jina la Victoria, malkia wa Uingereza, nalo likaingia katika ramani zilizosomwa Ulaya. Speke hakuwa na soko akilini alipolichagua, lakini zaidi ya karne moja baadaye jina hilo lilikuja kuuza samaki.

Katika zama za pamba, suala la jina halikumhusu sana mkulima. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kuanzia mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililohusishwa zaidi na uongozi wa Paul Bomani, lilisimama kati ya mizani ya kijijini na soko la nje. Mkulima alijua pamba safi na pamba fifi, yaani daraja la kwanza na la pili. Mnunuzi wa ng'ambo aliangalia urefu na uimara wa nyuzi. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru nacho kilizipa mbegu zake herufi mbili za mwanzo za jina lake, kama ilivyo katika aina ya UK91, bila kuwaza kwamba siku moja herufi hizo, zikiandikwa peke yake katika mtambo wa kutafutia, zingempeleka mtu Uingereza.

Sangara ndiye aliyeligeuza jina kuwa suala la fedha. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980, na viwanda vya kuchakata minofu vikajengwa Mwanza katika muongo uliofuata. Ufukweni anaitwa sangara, upande wa Kenya mbuta, na Uganda mputa. Lakini minofu ikishafika Ujerumani huuzwa kwa jina la Victoriabarsch, Ufaransa kwa perche du Nil na Hispania kwa perca del Nilo. Tofauti hizo hazitokani na ladha ya wachuuzi peke yake, kwa kuwa sheria za Umoja wa Ulaya huzitaka nchi wanachama ziwe na orodha za majina ya kibiashara ya samaki, na lebo ionyeshe pia mahali alikovuliwa. Kiwanda cha Mwanza hakina mamlaka ya kuchagua jina litakaloandikwa kwenye pakiti. Kinachoweza kuchagua ni majina kitakayoyaandika katika tovuti yake.

Jina likishashika hubeba pia sifa ambazo mwenye bidhaa hakuziomba. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hilo kutokana na taarifa za uvuvi wa kutumia sumu, na mwaka 2004 filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliunganisha sangara na Mwanza katika simulizi la ufukara ambalo serikali ya Tanzania ililipinga hadharani. Anayetafuta jina la samaki huyo pamoja na jina la mji anaweza kukutana na filamu kabla ya kiwanda, na hakuna ufundi wa tovuti unaoweza kuifuta historia hiyo.

Dagaa ana tatizo la aina nyingine. Dagaa wa Mwanza, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, ni jamii tofauti kabisa na dagaa wa Kigoma, ambaye Burundi na mashariki mwa Kongo hujulikana kama ndagala. Muuzaji wa soko la Mwaloni, Kirumba, anayetangaza "dagaa" tu anajiweka katika fungu moja na wauzaji wa Ziwa Tanganyika na hata wa baharini. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara vinavyothaminiwa sana Hong Kong, yako katika hali ngumu zaidi, kwa sababu mnunuzi wake huandika kwa herufi za Kichina.

Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, maneno ya utafutaji, yaani maneno ambayo mtu huyaandika katika mtambo kama Google anapotaka kupata kitu, yalianza kuwa na uzito kwa wafanyabiashara wa kanda hii. Mtambo huo hupitia kurasa, huyapanga maneno yake katika faharasa kubwa, kisha hulinganisha ombi la mtafutaji na kilichomo. Wajenzi wa tovuti wa awali walizoea kurundika maneno katika orodha iliyofichwa ndani ya ukurasa, lakini Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haikuwa ikiitumia orodha hiyo kupanga matokeo. Kilichobaki ni maandishi yanayosomwa, na hapo ndipo tovuti nyingi hupwaya, kwa kuwa hujaa sifa kama "ubora wa kimataifa", ambazo mnunuzi wa samaki hana sababu ya kuzitafuta.

Neno linalofaa ni lile ambalo mnunuzi mwenyewe huliandika, linaloonyesha kwamba anataka kununua, na lisilogombewa na watu wengi mno. "Victoria" peke yake halifai, kwani kuna maporomoko, jimbo la Australia na mji wa Kanada wenye jina hilo. Hata "Mwanza" ni wilaya ya Malawi. "Dagaa wa Mwanza bei ya jumla" hutafutwa na wachache, lakini huenda wakawa wateja. Nyenzo za kukadiria wingi wa utafutaji mara nyingi huwa na takwimu haba kwa maneno ya Kiswahili, hivyo mwenye tovuti hulazimika kutegemea rekodi alizonazo tayari: ujumbe wa maombi ya bei kutoka Lubumbashi, Goma na Bujumbura, ambamo wateja wameandika jina la samaki kama wanavyolitamka wao.