Faragha si siri

Machi 1872, katika nyumba ya tembe huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliifunga shajara yake, akaigonga mihuri mitano na kuandika juu yake kwamba isifunguliwe kabisa. Akamkabidhi Henry Morton Stanley aifikishe kwa binti yake, Agnes. Mbele yake Stanley alikuwa na karibu miezi miwili ya mwendo hadi Bagamoyo, kwa njia ya misafara yenye mito iliyofurika na watemi waliodai hongo. Na mbebaji huyo alikuwa mwandishi wa habari.

Livingstone alihitaji mambo mawili. Shajara isipotee njiani: huo ni usalama, na ulilindwa na wapagazi na bunduki. Tena isisomwe na yule yule anayeibeba: hiyo ndiyo faragha, nayo ilitegemea mihuri na uaminifu wa mtu mmoja.

Neno faragha asili yake ni Kiarabu, likigusa maana ya utupu, nafasi isiyo na shughuli. Waswahili wakalifanya kuwa hali ya kujitenga na macho ya watu. Watu wawili wakiitana faragha, huenda wanazungumzia mahari au deni tu, wala hakuna ovu linalofichwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotumia neno siri mahali pake. Siri ni jambo lenyewe lililofichwa. Faragha ni mamlaka ya mwenye jambo kuamua nani alijue. Mshahara wa mwalimu unajulikana kwa mwajiri na benki, kwa hiyo si siri, lakini programu ya kuchezea muziki haina haki ya kuujua. Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 16, inaitaja haki hii kwa jina la faragha.

Katika kompyuta ya nyumbani tofauti kati ya usalama na faragha ina uzito mkubwa. Tunaambiwa mawasiliano yetu yamelindwa kwa usimbaji fiche, na mara nyingi ni kweli: anayenasa data njiani haambulii kitu. Lakini programu ya huduma ya mtandaoni, iwe ya mikutano, ya michezo au ya kuhifadhi mafaili, haikai njiani. Inakaa pale barua inapoandikwa, kabla ya muhuri. Mara nyingi huanza yenyewe kompyuta inapowashwa, na ikipewa ruhusa huifikia kamera, kinasa sauti na mafaili.

Julai 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba programu ya mikutano ya Zoom, kwenye kompyuta za Mac, iliweka seva ndogo iliyojificha. Lengo lilikuwa kumpunguzia mtumiaji mbofyo mmoja. Matokeo yake, tovuti yoyote ingeweza kumwingiza mtu mkutanoni, kamera ikiwa imewaka, na aliyeifuta programu alibaki na seva ile, yenye uwezo wa kuisakinisha upya bila kumuuliza. Apple ililazimika kutuma sasisho la kuiondoa. Hapo usalama na faragha vilianguka pamoja, ndani ya nyumba ya mtu, kwa mkono wa programu aliyoikaribisha mwenyewe.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imechagua istilahi taarifa binafsi, na imechagua vizuri, kwani inaonyesha taarifa ni za nani. Neno linalonitia wasiwasi ni ridhaa. Familia ya Isevya au Ipuli, mjini Tabora, inayobofya kitufe cha kukubali chini ya kurasa nyingi za Kiingereza cha kisheria imeridhia nini hasa? Kampuni inayotaka ridhaa ya Watanzania iiombe kwa lugha wanayoielewa, na kwa kila ruhusa peke yake.

Na anayebadili nia akaiondoa programu, akague pia orodha ya zinazoanza zenyewe na viongezo vya kivinjari, kisha aifunge akaunti yenyewe. Kuifuta programu kwenye kompyuta hakufuti taarifa zilizokwisha kufika kwenye seva za kampuni.