Shosho Hakuhitaji Friji

Kila nikiona mtu mtandaoni akifundisha kupika bia nyumbani, somo la kwanza ni lilelile: ikiwa inachachuka, iweke baridi. Unaishi mahali pa joto? Pole. Nunua friji, nunua barafu, nunua kipimajoto. Na sisi tunaitikia tu, kama vile joto letu ni kasoro ya kuzaliwa. Sasa mimi nauliza, hii sheria ya baridi ilitoka wapi?

Ilitoka Ujerumani, na hata huko haikuwa rahisi. Unajua, chachu ikila sukari inatoa pombe, gesi na joto. Yaani pipa linajipasha lenyewe, na ndani huwa moto kuliko chumba. Chachu ya lager inapenda digrii kama 8 hadi 13 hivi. Ukiiweka kwenye joto inakimbia ovyo, halafu unapata kinywaji kinachonuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha.

Wapishi wa Bavaria waliteseka na hii kitu mpaka mwaka 1553 mtawala wao, Albrecht V, akapiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba. Kiangazi chote, hakuna kupika! Bia ya kiangazi ilikuwa inapikwa mapema na kufichwa kwenye mapango na mahandaki, na baadaye wakawa wanakata barafu mitoni wakati wa baridi na kuijaza humo. Juu ya mahandaki walipanda miti yenye majani mapana ili ardhi isipate jua. Watu wakaanza kunywa pale pale kivulini, na hizo ndizo bustani za bia za Munich unazoziona kwenye picha. Hata neno lager lenyewe ni la ghala, la kuhifadhi kitu.

Halafu miaka ya 1870 akaja injinia Carl von Linde na mashine yake ya kupoza, akisaidiwa na wenye kiwanda cha bia cha Spaten. Hapo ndipo lager ilipopata pasipoti. Sasa ungeweza kuipika popote, bora uwe na pesa ya mashine.

Kwetu, kiwanda kikafunguliwa Ruaraka mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na ndovu, na jina la Tusker likatoka hapo. Hiyo stori mnaijua.

Ile tusiyosimuliwa ni ya nyungu. Kwa Waluhya, busaa inaanza na unga wa mahindi uliokandwa, ukaachwa uchache, ukakaangwa kwenye bati, kisha ukachanganywa na maji na kimera cha wimbi. Siku chache tu, tayari. Ule uchachu ambao mpishi wa lager angeulilia ndio utamu wenyewe. Wazee wanaizunguka nyungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na wanaongeza maji ya moto. Ya moto, wasee! Mlima Kenya nako shida ilikuwa kinyume kabisa: usiku wa huko ni baridi, kwa hiyo kibuyu cha muratina kiliwekwa karibu na moto ili chachu isilale. Na Pwani, mnazi unaanza kuchachuka ukiwa bado juu ya mti.

Ni kweli vinywaji hivi havikai. Baada ya siku chache vimeharibika. Lakini vilipikwa vya kunywewa na majirani siku hiyo, si vya kusafirishwa kwa treni.

Tatizo ni kwamba sheria ilichagua upande. Miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi ilijipa haki ya kuwa mpishi na muuzaji wa pekee wa pombe ya Waafrika kule Pumwani. Mama aliyepika nyumbani akawa mhalifu. Manispaa iliyopika kitu kilekile ikahesabu faida. Bia ya chupa nayo, Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nadhani hapo ndipo chupa ilipoanza kunukia ustaarabu, na nyungu ikaanza kunukia polisi. Na bado, ukiingia baa leo, mhudumu anauliza: baridi ama moto? Watalii hushangaa. Mimi naona ni nyungu inaongea.

Kama bado unataka lager yako ya nyumbani, sawa. Simamisha pipa kwenye beseni la maji, lifunike gunia lililolowa, liache mahali penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto, vile mtungi hupoza maji. Lodwar, kwenye hewa kavu, utapunguza digrii kadhaa, ingawa za lager hutazifikia. Mombasa hewa imeshiba maji tayari, kwa hiyo gunia litabaki limelowa na pipa litabaki na joto lake. Hapo ni heri umtafute mgema.