Vinanda Vilivyopata Lugha Moja

Somo letu la leo ni historia ya vinanda vya umeme.

Hapo kwanza, kinanda cha kiwanda kimoja mara nyingi hakikusikilizana na cha kiwanda kingine. Bwana Ikutaro Kakehashi wa Japani na Bwana Dave Smith wa Marekani walikuwa wenye viwanda, tena washindani katika biashara. Hata hivyo walishirikiana kutengeneza lugha moja ya vinanda, iitwayo MIDI. Mwezi wa Januari 1983, huko California, kinanda cha Smith kiliunganishwa kwa waya na cha Kakehashi. Kimoja kikapigwa, na cha pili kikalia.

Angalieni sana jambo hili. Waya ule hauchukui sauti. Unachukua amri tu, yaani: bonyeza hapa, kwa nguvu kiasi hiki, kisha achia. Kompyuta huziandika amri hizo, na mtu mwingine aweza kuzibadili. Basi darasani, mwanafunzi mmoja hupiga mdundo wa ngoma, wa pili huongeza wimbo, wa tatu husahihisha palipokosewa. Asiyeweza kupiga upesi hupiga polepole, kisha kompyuta huharakisha. Hivyo hata mwanafunzi mgeni hupata sehemu yake katika utungo.

Wenye lugha hiyo hawakudai malipo kwa kila atakayeitumia. Wangaliifungia, ingalikuwa mali ya wachache.

Sasa jadilianeni: waya huchukua nini? Na washindani wale walipata faida gani kwa kukubaliana?