Safu ya Lugha: "Stata Imekufa"

Asubuhi za baridi huku mlimani Kibosho, waendesha bodaboda wakibonyeza kitufe na injini isiitike, kauli ni moja: "Stata imekufa!" Mara nyingi stata ni nzima kabisa. Neno hili tuliloazima kwa Kiingereza lina maana finyu: ni mota ndogo ya umeme inayozungusha injini. Haiwashi kitu. Kinachowasha mafuta ni cheche ya plagi. Injini ikizunguka vizuri isiwake, sema pikipiki haishiki moto, ili fundi aanzie kwenye plagi na mafuta.

Ukisikia "ta-ta-ta" tu, hiyo ni rilei, swichi inayopitisha umeme kwenda kwenye stata, inagonga, na betri haina nguvu ya kuzungusha mota. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, baridi ya mlimani huipunguzia nguvu, na kwenye pikipiki kuukuu nati za betri zilizolegea au kushika kutu huzuia umeme. Hapo sema betri imeisha chaji, au umeme haufiki. Stata imekufa pale betri ni nzima, rilei inapitisha umeme, lakini mota kimya, aghalabu kwa sababu kaboni zake zimelika.

Selfu ni jina jingine la stata hiyohiyo. Kiki siyo: hiyo hupigwa kwa mguu, wala haihitaji mota.

Jirani yangu alimwambia fundi wa Moshi mjini "stata imekufa", akauziwa mpya. Kumbe ni nati ya betri iliyolegea.