Misitu ya Kale na Vipepeo Wasafiri katika Pwani ya Malindi

Msafiri atokaye Malindi kwa njia kuu iendayo Mombasa, akisha kuyapita mashamba ya minazi na mikorosho, huwasili Gede baada ya mwendo wa kilomita 16 hivi, na hapo, katika eneo ambalo mtu mwenye afya aweza kulizunguka kwa miguu kabla ya jua kuwa kali, hukuta mahame ya mji wa Waislamu wa kale, ukingo wa msitu mkubwa wa Arabuko-Sokoke, na vibanda vya wavu ambamo vipepeo hutunzwa. Waongozi wa misafara huwaonyesha wageni vitu hivyo vyote kwa asubuhi moja, na aghalabu huvieleza kama khabari tatu zisizohusiana. Rai yangu ni kwamba khabari ni moja, nayo ni taarikh ya namna watu wa pwani hii, mara kwa khofu, mara kwa ibada, mara kwa amri ya serikali na mwishowe kwa biashara, walivyoiacha baadhi ya miti isimame hali mingine yote ikianguka.

Tuanze na mahame. Mji wa Gede ulistawi kwa karne kadhaa, ukawa na msikiti mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye visima na vyoo, na makaburi ya fahari, ambayo moja lao limeandikwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Katika karne ya 17 mji ulikuwa umekwisha kuhamwa, na mibuyu na mikuyu ikaingia sebuleni, ikapenyeza mizizi baina ya mawe, ikapandisha matawi juu ya kuta zilizokwisha kupoteza dari. Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza kule Unguja, aliuzuru mwaka 1884, lakini uchimbuzi wa maana haukuanza hata mwaka 1948, alipofika mwanaakiolojia James Kirkman na wafanyakazi wake wakafyeka vichaka na kuyadhihirisha majengo. Ni muhimu mgeni atambue kwamba msitu ule, ambao kwa macho huonekana kuwa na umri usiohesabika, ni mdogo kuliko nyumba zilizomo ndani yake: umeota juu ya mahali palipokuwa na soko na adhana, nao ukabaki bila kuguswa kwa sababu wenyeji waliwaogopa majini na roho waliosadikiwa kuyalinda mahame. Khofu hiyo, ambayo wasomi wengine huidharau, iliilinda miti ya Gede kwa muda mrefu kuliko sheria yoyote iliyopata kuandikwa kwa ajili yake. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kama khofu ilivyoilinda Gede, ibada ililinda kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, watu wa pwani hii; na khabari ya kaya ni nzito zaidi, wala haifai kusimuliwa kwa haraka. Mijikenda husimulia kwamba wazee wao walishuka kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga maskani zao ndani ya misitu ya vilimani, kila kabila na kaya yake, wenye kuingia wakipita kwa njia nyembamba zenye malango, na fingo likizikwa ardhini kuwa kinga ya jamii nzima. Watu walipoongezeka na amani ikapatikana, hususan katika karne ya 19, familia nyingi zilitoka kwenda kulima mabondeni. Kaya zikawa si miji tena bali mahali pa sala, pa mazishi na pa mashauri ya wazee, na mwiko ukakaza pale ambapo ukuta ulikuwa umelegea. Haikuwa halali kukata mti, kuingiza mifugo, wala kuiacha njia na kukanyaga ovyo. Ndiyo sababu leo, mtu akisimama juu ya kilima katika nchi ya Wagiriama, Wakauma, Wajibana au Waribe, na kutazama mashamba ya mahindi na mihogo yaliyoenea hata upeo wa macho, huona hapa na pale duara la miti mirefu na kujua, bila kuambiwa, kwamba pale ndipo walipokaa wahenga.

Wakoloni walielewa vema nguvu ya mahali hapo. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipowaapisha Wagiriama wenzake wasilipe kodi wala wasitoe vijana kwenda kufanya kazi kwa ijara, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na mwenziwe, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, mbali kabisa na bahari, wakatoroka. Na mnamo Agosti 1914 serikali iliilipua kaya ya Wagiriama, Kaya Fungo, kwa baruti. Sijapata kusoma katika taarikh ya pwani yetu tendo lililoonyesha wazi zaidi kwamba msitu waweza kuwa adui wa dola. Kwani hapakuwa na ngome pale, wala bunduki za kutisha, ila miti, makaburi na kiapo. Baruti ilishindwa kazi yake. Tangu mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa amali za kitaifa, na mwaka 2008 kundi la misitu hiyo likakubaliwa kuwa Urithi wa Dunia. Kule Kwale, katika Kaya Kinondo, wageni huongozwa ndani kwa idhini ya wazee, wakijifunga kaniki kiunoni na kushika adabu za mahali, na naona utaratibu huo ni bora kuliko ziara nyingi zinazouzwa pwani, maana mgeni huingia hali akijua kwamba amepewa ruhusa.

Arabuko-Sokoke haukupata wazee wa namna hiyo kuulinda wote, kwa kuwa ni mkubwa mno: kilomita za mraba zipatazo 420, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani ambao zamani ulienea sana katika mwambao wa Afrika Mashariki. Wasanye waliwinda humo kwa upinde na mshale. Katika karne ya 19, Malindi ilipofufuka kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa, bara ya nyuma ya mji ilikuwa na faida mbili ambazo wenye mashamba waliziona kwa macho tofauti: ilitoa sandarusi na mpira wa porini kwa wafanyabiashara, na iliwapa maficho watoro waliokimbia majembe ya mabwana zao. Serikali ya Kiingereza iliutangaza msitu kuwa mali ya Taji mwaka 1932, lakini himaya hiyo ilikuwa himaya ya mwenye duka juu ya bidhaa yake, kwa maana misumeno iliendelea kuingia, na mibambakofi na mihugu mikubwa ikatoka kwenda kuwa milango, sakafu na vinyago. Hata hivyo msitu ulibaki na sura zake tatu, ambazo mwongozi mzuri hukuonyesha kwa kukutazamisha udongo kwanza: mirihi juu ya mchanga mweupe, mifunda juu ya mchanga mwekundu, na baina ya hizo na bahari mchanganyiko wa miti mingi. Humo huishi sange mwenye kiuno cha dhahabu, bundi mdogo wa Sokoke aliyetambuliwa na wataalamu katika miaka ya 1960, na aina za vipepeo zaidi ya 250.

Vipepeo hao ndio waliokuja kuuombea msitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi wa vijiji vya kandokando, wenye ardhi finyu na mazao yaliyoliwa na nyani na tembo, walitaka msitu ukatwe na mashamba yagawanywe, na mtu aliyeshiba hana haki ya kuwalaumu. Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wahifadhi wa mazingira, ulianza Gede kwa fikira nyepesi: mkulima amnase kipepeo jike msituni, amweke katika kibanda cha wavu pamoja na mche autagiao mayai, awalishe viwavi majani mabichi, kisha azipeleke pupa Gede kuuzwa. Pupa hufungwa kwa uangalifu na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, na lazima zifike upesi, kwa kuwa haziwezi kungoja mno kabla hazijapasuka. Kwa hesabu hiyo msitu ukawa ghala ya mbegu. Pasipo majike wa mwituni na pasipo miti ya chakula chao, kibanda kingekuwa kitupu.

Lakini wako vipepeo wasiofungika na mipaka ya msitu. Katika miaka mingine, mvua zikibadilika, huonekana wingi wa vipepeo weupe wenye mishipa ya hudhurungi, ambao wataalamu huwaita Belenois aurota, au wale wenye weupe wa kijani hafifu, Catopsilia florella, wakipita kwa siku kadhaa mfululizo kuelekea upande mmoja, chini chini, juu ya paa na ua na barabara. Mtaalamu wa wadudu Carrington Bonsor Williams, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara mwishoni mwa miaka ya 1920, alikusanya khabari za misafara kama hiyo na mwaka 1930 akatoa kitabu juu yake. Viwavi vya aina ya kwanza hula vichaka vya nyika, na vya pili majani ya miti ya jamii ya mjohoro, ambayo hupandwa majumbani na kandokando ya njia. Basi maskani yao ni nje ya msitu unaolindwa, mahali pasipo mwiko wala uzio.

Kwa hiyo ningependa waongozi wa Gede wasiwarudishe wageni magarini mara watokapo msituni, bali wawapitishe vichakani na penye mijohoro ya vijijini, na kila wanapouona msafara wa weupe hao waandike siku, saa, upande wa upepo na upande waendako, kama alivyofanya Williams kule Amani; na daftari hilo liwekwe hapo hapo Gede, mwenye kutaka alisome.