Jágr, Mtoto wa Mji wa Chuma

Mwaka 1889 tajiri mmoja wa himaya ya Austria, Karl Wittgenstein, alianzisha kiwanda cha chuma katika mji wa Kladno, kilomita zipatazo 25 kutoka Praha. Akakipa jina la mkewe Leopoldine, kwa ufupi Poldi. Wasomi wanaijua familia hiyo kwa sababu ya mtoto wao Ludwig, mwanafalsafa. Wapenzi wa hoki ya barafu wanaijua Poldi kwa jambo lingine kabisa: kwa miaka mingi jina hilo lilivaliwa na wachezaji wa klabu ya mji, na kati ya 1975 na 1980 klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Chekoslovakia mara 5. Katika moshi wa kiwanda hicho ndiko alikozaliwa Jaromír Jágr, tarehe 15 Februari 1972.

Habari zake huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu anazo: mechi 1,733 katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mabao 766, pointi 1,921. Kwa pointi ni wa pili katika historia yote ya ligi hiyo. Lakini ukizisoma tarakimu peke yake utapitwa na jambo kubwa zaidi. Kabla ya Jágr, mchezaji wa Kicheki aliyetaka kwenda kucheza Magharibi alikuwa na njia mbili tu: kuomba ruhusa ambayo haikutolewa ila kwa wachache, au kutoroka na kuagana na nyumbani kwao asijue kama atarudi. Jágr ndiye aliyeondoka mchana kweupe, pasipoti mkononi, akarudi alipotaka, akaondoka tena. Maisha yake ya uwanjani ni historia ya mlango wa nchi ulivyofungwa na ulivyofunguliwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo wenyewe: kila upande una wachezaji 6, kipa akiwemo. Wanateleza kwa viatu vyenye makali chini, wakigombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo marefu, dakika 60 zilizogawanywa vipindi 3. Kasi yake haimruhusu mtu kukaa uwanjani muda mrefu. Hata dakika moja haijatimia, anatoka na mwingine anaingia. Kugongana si kosa, ni sehemu ya mchezo.

Wacheki waliupenda mapema. Kufikia 1911 walikwisha kuwa mabingwa wa Ulaya, na mwaka 1947 Chekoslovakia ikawa bingwa wa dunia mjini Praha. Katika kikosi hicho alikuwemo Jaroslav Drobný, aliyecheza pia tenisi. Wakomunisti walipotwaa madaraka Februari 1948, Drobný hakukaa sana. Mwaka uliofuata aliitoroka nchi akiwa ziarani Uswisi. Misri ikampa uraia, na mwaka 1954 alishinda Wimbledon kama Mmisri. Wachache barani kwetu wanakumbuka kwamba taji hilo liliwahi kuja Afrika kwa mkono wa mcheza hoki wa Praha.

Wenzake waliobaki walilipa. Novemba 1948 wachezaji 6 wa timu ya taifa walipotea na ndege juu ya mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Hata hivyo mwaka 1949 timu ilishinda tena ubingwa wa dunia. Machi 1950, ilipokuwa inajiandaa kwenda London kuutetea, ilizuiwa kusafiri. Baada ya siku chache wachezaji walikamatwa, wakashtakiwa kwa uhaini, wakidaiwa kuwa na mpango wa kutoroka. Kipa Bohumil Modrý alihukumiwa miaka 15, Gustav Bubník miaka 14, na wenzao wakapelekwa kuchimba madini ya urani kwenye kambi za Jáchymov. Msamaha ulikuja 1955. Modrý alifariki 1963, akiwa na miaka 46. Serikali ilichagua kuwafunga mabingwa wake wa dunia kuliko kuona wawili watatu wakibaki London, na hilo linatosha kueleza hofu ya utawala ule.

Agosti 1968 vifaru vya Umoja wa Kisovieti na washirika wake viliingia nchini kuyazima mageuzi ya Alexander Dubček. Wacheki na Waslovaki hawakuwajibu kwa jeshi. Walichokuwa nacho ni timu ya hoki. Machi 1969, katika mashindano ya dunia mjini Stockholm, waliwafunga Wasovieti mara mbili, 2–0 kisha 4–3. Usiku wa ushindi wa pili umati ulimiminika mitaani, na ofisi ya shirika la ndege la Aeroflot mjini Praha ikavunjwavunjwa. Moscow ikapata kisingizio ilichokitaka: mwezi uliofuata Dubček aliondolewa, Gustáv Husák akashika usukani. Ubingwa wenyewe, kwa taarifa yako, waliuchukua Wasovieti.

Katika ukoo wa Jágr mwaka 1968 ulikuwa na uzito mwingine. Babu yake, ambaye naye aliitwa Jaromír, alikuwa mkulima aliyeipinga sera ya mashamba ya ujima. Akanyang'anywa ardhi, akafungwa. Alifariki mwaka huohuo wa vifaru. Mjukuu hakumwona, alisimuliwa tu. Alipokuwa mkubwa aliivaa namba 68 mgongoni, na aliivaa karibu kila alikokwenda. Shuleni, inasimuliwa, kwenye daftari lake alikuwa na picha ya Ronald Reagan, wakati walimu walitarajia kuona Lenin.

Baba yake alimlea kwa mazoezi. Mtoto alichuchumaa na kuinuka mara 1,000 kwa siku, na matunda yake yalikuja kuonekana baadaye: mapaja na nyonga ambazo hakuna beki aliyeweza kuzisukuma. Jágr alikuwa akiugeuza mwili upande wa adui, kisahani kikiwa ng'ambo ya pili ya gongo, na hapo mabeki wawili walimning'inia bila faida. Ligi kuu ya Chekoslovakia aliianza 1988 na Poldi Kladno, akiwa na miaka 16.

Bahati yake ilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Januari 1989 Petr Nedvěd, kijana wa miaka 17, alikwenda Calgary kwa mashindano ya vijana na akaomba hifadhi Kanada, kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Novemba mwaka huo utawala ukaanguka bila risasi. Juni 1990 vilabu vya NHL vilipokutana Vancouver kugawana chipukizi, Nedvěd alichaguliwa wa pili na Jágr wa tano. Waliketi katika ukumbi mmoja, wamefika kwa njia mbili tofauti, na kilichowatenganisha ni miezi michache tu ya historia. Jágr alikuwa Mchekoslovakia wa kwanza kuhudhuria zoezi hilo bila kutoroka kwao.

Alichukuliwa na Pittsburgh Penguins, timu ya mji mwingine wa chuma, mji ambao nao ulikuwa ukiona viwanda vyake vikifungwa kimoja kimoja. Lugha hakuijua, na upweke ulimla. Klabu ilifanya jambo la busara: Desemba 1990 ilimchukua Jiří Hrdina, Mcheki mzoefu kutoka Calgary, na ilieleweka kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa kumpa kijana mtu wa kuzungumza naye. Mei 1991 Pittsburgh ikatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, kwa mara ya kwanza.

Mwaka uliofuata ndipo dunia ilipomjua. Tarehe 26 Mei 1992, mchezo wa kwanza wa fainali, Pittsburgh ilikuwa nyuma 4–1 mbele ya Chicago. Ikarudisha hadi 4–3, na dakika za mwisho Jágr, mwenye miaka 20 na nywele ndefu zilizomwagika nyuma ya kofia ngumu, akapenya katikati ya kundi zima la walinzi, akimpita mmoja akirudi kwa mwingine kwenye nafasi ambayo haikuwepo, akapiga chini chini. 4–4. Nahodha wake Mario Lemieux akamalizia bao la ushindi zikibaki sekunde 13. Kombe lilibaki Pittsburgh.

Katika miaka ya tisini hakuna winga wa kulia aliyemfikia. Msimu wa 1995–96 alipata mabao 62 na pasi za mabao 87, jumla pointi 149. Tuzo ya kinara wa pointi aliichukua mara 5, nne kati yake mfululizo, 1998 hadi 2001, na mwaka 1999 alitajwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka huo klabu yenyewe ilikuwa imefilisika mahakamani. Mei 1999, akicheza na maumivu ya kinena, alisawazisha mwishoni mwa mchezo dhidi ya New Jersey na kufunga la ushindi katika muda wa nyongeza, hivyo kuiokoa timu isitolewe. Mapato ya mechi zilizofuata yaliisaidia klabu kupumua hadi Lemieux alipoinunua.

Kwa Wacheki, hata hivyo, kilele ni Nagano, Februari 1998. Ilikuwa Olimpiki ya kwanza NHL kusimamisha ligi ili nyota wake wote wacheze. Kanada ilikuja na Gretzky, kinara wa pointi wa historia yote ya NHL. Wacheki wa kocha Ivan Hlinka walikuja na kikosi ambacho nusu yake ilicheza ligi za Ulaya, na kipa mmoja, Dominik Hašek. Nusu fainali dhidi ya Kanada iliisha 1–1, ikaenda kwenye penalti. Robert Reichel alifunga, Hašek akawazuia Wakanada wote watano, huku Gretzky akiwa ameketi benchi. Jágr? Penalti yake iligonga mwamba. Fainali ilikuwa dhidi ya Urusi, na bao pekee lilifungwa na beki Petr Svoboda, 1–0. Uwanja wa mji mkongwe wa Praha ulijaa watu wakiimba kwamba Hašek apelekwe Ikulu.

Kisha ikaja miaka ya kuhamahama. Mwaka 2001 aliuzwa Washington, akapewa mkataba wa dola milioni 77 kwa miaka 7, na akacheza chini ya thamani yake. Sioni haja ya kulipamba hilo. Mashabiki wa Pittsburgh hawakumsamehe kuondoka, wakamzomea kwa miaka mingi. New York Rangers walimfufua: msimu wa 2005–06 alifunga mabao 54. Mwaka 2005 alikuwa pia ametwaa ubingwa wa dunia mjini Vienna, na kwa taji hilo akawa na Kombe la Stanley, dhahabu ya Olimpiki na ya dunia kwa pamoja.

Mwaka 2008 alikwenda Omsk, Siberia. Mtu wa namba 68, katika ligi ya Urusi, tena kwa misimu mitatu! Wapo waliokunja uso. Lakini ndiyo maana ya mlango ulio wazi: mtu huchagua mwenyewe, hata kwenda kwa walioleta vifaru, maana mtu wa Omsk si kifaru. Wanaopiga hesabu ya pointi alizozipoteza kwa kuwa mbali na NHL wanapoteza muda wao.

Alirudi Marekani 2011, akazunguka Philadelphia, Dallas, Boston, New Jersey, Florida. Tarehe 22 Desemba 2016, akiwa na miaka 44, alimpita Mark Messier kwa pointi na kubaki nyuma ya Gretzky pekee, mwenye pointi 2,857. Calgary ilikuwa kituo cha mwisho. Januari 2018 akarejea Kladno.

Huko hakurudi kustaafu. Kiwanda cha Poldi kilikuwa kimesambaratika tangu miaka ya tisini, kwa ubinafsishaji uliokwenda mrama, na klabu bila kiwanda ilikuwa yatima. Jágr aliichukua kutoka kwa baba yake mwaka 2011, akawa mmiliki. Ilishuka daraja, ikapanda 2019, yeye mwenyewe akiwa na miaka 47 na akifunga mabao 4 katika mechi moja ya kuwania kupanda. Ikashuka tena 2020, ikarudi 2021. Kila mwaka aliulizwa lini atatundika viatu. Wadhamini na watazamaji walikuja kumwona yeye, kwa hiyo aliendelea kucheza.

Tarehe 18 Februari 2024 Pittsburgh iliitundika namba 68 juu ya uwanja, ikawa haivaliwi tena, na waliomzomea wakasimama kumpigia makofi. Msimu uliofuata, akiwa na miaka 52, alikuwa bado anacheza Kladno. Ukiniuliza mchezaji bora wa Kicheki wa zama zote, nitakujibu Hašek, na sababu yangu ni Nagano. Ila ukitaka kuielewa nchi yenyewe, anza na Jágr.